Kichwa cha Kamau na Mlima wa Mirihi

Juzi mwanangu aliniletea kazi ya shule, hii ya mtaala mpya ambayo mzazi huifanya na mtoto akapewa alama. Ati watengeneze sayari. Nikachemsha unga wa ngano na maji mpaka ukawa gundi, nikararua magazeti ya zamani, na harufu ya ile gundi iliponipanda puani nikaketi chini kwenye saruji kama mtu aliyeitwa jina. Mtoto akaniuliza, "Mama, nini sasa?" Nikamwambia ni moshi wa jiko. Haukuwa moshi. Nilikuwa nimerudi Kitale, niko darasa la nne, na ninajua kwa hakika, bila kuambiwa na yeyote, kwamba kichwa cha ndugu yangu kitapasuka.

Nyumbani tulikuwa na duka pembeni mwa mji. Watu wetu walitoka Murang'a zamani wakaja Trans-Nzoia kutafuta shamba, na shamba lilipogawanywa na kugawanywa tena, Baba akaona heri auze sukari. Mimi nilikaa mtoto wa pekee kwa miaka tisa. Miaka tisa mama za kanisani wanamwuliza Mama, "Na Wambui ataletewa lini wa kucheza naye?" na Mama anacheka kicheko kisichofika machoni. Kisha akaja Kamau. Kwa desturi yetu mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, kwa hivyo kwa Cucu, mama yake Baba, yule mtoto alikuwa marehemu mumewe amerudi. Hakumwita Kamau hata siku moja. "Mume wangu amekula?" angeuliza akiingia. "Mume wangu amenikojolea tena. Hana adabu, tangu zamani hana adabu." Tulicheka sana mwezi ule wa kwanza, na wa pili pia tulicheka.

Mwezi wa tatu kicheko kilipungua. Kisogo cha Kamau kilikuwa bapa upande wa kulia, bapa kabisa, na upande wa kushoto kilikuwa kimetokeza. Ukimtazama kutoka juu hukuona kichwa cha mviringo, uliona kitu kilichosukumwa kikaenda upande. Mama akaanza kumvalisha kofia ya sufu hata jua likiwaka. Cucu naye akashika kazi aliyoijua: kila asubuhi alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakikandamiza kwenye uvimbe ule polepole, huku Kamau akipiga mayowe hadi wateja wanachungulia. "Hata baba yako nilimkanda hivi," alimwambia Mama. Mimi nikamtazama Baba kichwa, na kusema kweli sikuona kazi ya kujivunia.

Siku ya kupima uzito, nesi wa kliniki alimvua Kamau kofia, akampapasa kichwa mara mbili. Akamwita nesi mwingine, naye akapapasa palepale. Nilikuwa nimeshika mkoba wa nepi, nasikia kila kitu. Walisema kuna watoto ambao mifupa ya kichwa hushikana mapema kabla ya wakati, na ikiwa ni hivyo, wakati mwingine inabidi wapasuliwe. Wakaandika barua twende kwa daktari wa watoto aliyekuwa akihudumu Bungoma, lakini foleni yake ilikuwa ndefu, tungoje miezi miwili. Mama aliikunja ile barua mara nyingi mno mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Njiani sikuthubutu kuuliza kupasuliwa ni kufanywa nini hasa, maana kuni nilikuwa nimeziona zikipasuliwa.

Nyumbani Cucu aliweka sheria. "Kasoro ya mtoto haitajwi. Ukiitaja, inakaa." Basi hatukuitaja. Baba alipanga na kupangua madebe ya mafuta ya kupikia kwenye rafu, Mama aliimba nyimbo za kanisani bila kufika ubeti wa pili, na lile neno kupasuliwa lilikaa nasi mezani tukila. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na mtu wa kumwuliza.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa sayansi alitugawa kwenye vikundi tutengeneze sayari. Alikuwa mtu wa Naitiri, kule Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha mji, na alisema "mrima" kila mara alipotaka mlima. Hatukuweza kumcheka, maana nyumbani kwetu Cucu alisema "mkurima" akitaka mkulima. Sisi tulipewa Mirihi, ambayo darasani tuliiita Mars. Tukachukua mpira wa majuala, ile mifuko ya plastiki, uliokazwa kwa kamba ya katani, tukaupaka gundi ya unga, tukaubandika magazeti tabaka juu ya tabaka, tukauacha sakafuni stoo ukauke Jumamosi na Jumapili. Jumatatu tulipoufuata tukakuta upande wa chini umekuwa bapa. Wenzangu wakaanza kulaumiana. Mmoja akasema tuutupe, tuseme umeibwa.

Mwalimu aliuona, akaunyakua, akauinua juu darasa zima lione. "Nani amewadanganya sayari ni chungwa?" akauliza. Kitabu ndicho kilichotudanganya, lakini nani angesema? "Chungwa ni la kula. Hii Mars ni waru, bana. Kiazi cha shambani, kina bonde, kina nundu." Akatoa picha aliyoikata kwenye jarida, ramani ya sayari nzima yenye rangi kali, nusu yake buluu na nusu yake nyekundu. Nikainua mkono nikauliza kama kule kwenye buluu kuna samaki. Darasa likaangua kicheko. "Hakuna maji," akasema, "buluu ni mahali pa chini, nyekundu ni mahali pa juu. Nyeupe ni juu zaidi. Ni rangi tu, mtu alipaka ili tuone." Akatuonyesha kwamba nusu ya kaskazini imelala chini na nusu ya kusini imeinuka, kwamba kuna shimo moja la duara ambalo milima yetu yote ingezama humo, na kwamba upande mmoja pametokea nundu kubwa kushinda Kenya na majirani zake wote. Juu ya nundu hiyo kuna milima. "Mnaona Elgon pale dirishani? Chukueni Elgon, muweke Elgon ingine juu yake, na ingine, na ingine, na ingine. Hapo ndio mnakaribia mrima mmoja wa Mars."

Sote tukageuka kuutazama Elgon, ambao asubuhi ile ulikuwa na mawingu kiunoni. Mimi nikauliza swali ambalo ningejua, nisingeuliza. "Mwalimu, hiyo nundu ilitoka wapi?"

"Moto!" akasema, akapiga meza. "Moto uko ndani. Na moto huenda wapi?"

"Juu, mwalimu!"

"Juu. Ukasukuma, ukasukuma, ngozi ya sayari ikafura. Ikafura mpaka ikachoka, ikapasuka. Huo ufa ukiuanzia hapa Kitale, mwisho wake utauona Afrika Kusini." Akaupitisha ukucha kwenye Mirihi yetu kutoka kwenye nundu kwenda pembeni, karatasi ikachanika. Kikundi chetu kikapata alama nyingi kuliko wote, kwa kosa la kuacha kitu sakafuni.

Nilifika nyumbani nikamkuta Cucu anamwogesha Kamau kwenye karai. "Wambui, njoo umshike mume wangu, anateleza." Nikamshika kisogo kwa mkono mmoja, na mwingine nikamwekea utosini sabuni isimwingie machoni. Utosi ukadunda. Nikaondoa mkono, nikaurudisha. Ukadunda tena, tu, tu, tu, laini, chini ya kiganja changu, kama kuna kitu ndani kinagonga kitoke. Nikapapasa polepole. Bapa upande huu. Nundu upande ule. Na katikati, chini ya ngozi, mfereji mwembamba unaotoka utosini kwenda nyuma. Ufa ulikuwa umeshaanza. Nilisikia baridi miguuni, nami nimesimama kwenye maji ya moto yaliyomwagika.

"Una nini wewe?" Cucu akauliza. Nikasema sabuni imeniingia machoni. Ningemwambia nini? Kwamba mumewe ana moto kichwani? Na kasoro haitajwi. Nikabeba siri hiyo peke yangu, na nikaapa kwamba Kamau hatapasuka mimi nikiwa hai.

Hapa lazima nieleze alivyolala. Mchana kutwa Kamau alikaa dukani ndani ya boksi kubwa la sabuni lililotandikwa mablanketi, nyuma ya kaunta. Kichwa chake kilikuwa upande wa ukuta wa mbali, mlango ukawa mkono wake wa kulia. Mtoto yule alipenda watu. Mteja akiingia, yeye tayari ameshageuka kulia kutazama, na hapo anabaki saa nzima, kisogo cha kulia kimegandamia blanketi, kile cha kushoto kiko juu. Nikalitafakari jambo hilo kwa akili yangu yote ya darasa la nne. Moto huenda juu. Upande ulio juu ndio unaofura. Basi nundu ikilala chini na bapa ikiwa juu, moto utasukuma bapa, na kichwa kitalingana. Sijawahi tena maishani kuwa na uhakika wa jambo kama nilivyokuwa na uhakika wa hilo.

Kumgeuza yeye mwenyewe hakukusaidia, alirudi kulia mara moja, shingo yenyewe ilishazoea. Kwa hivyo nikaligeuza boksi. Nilipotoka shule Mama alikuwa akiniachia duka aende kuteka maji na kuanua nguo, nami nikalizungusha lile boksi zima, kichwa kikaja upande huu, mlango ukawa kushoto kwake. Akataka kuona watu, ikambidi atazame kushoto. Alinung'unika, akageuka. Nikachuchumaa pale nikimnong'onezea, "Lala hivyo, Kamau, tafadhali. Nitakupa sukari." Sukari nilimlambisha kweli, Mungu anisamehe.

Mama alinifumania siku ya tatu. "Wambui! Nani amegeuza hii boksi?"

"Sijui."

"Hujui? Imejigeuza? Ina miguu?"

"Nilitaka aone barabara vizuri."

"Na hii mafuta ya taa je? Unataka mtoto akunywe mafuta ya taa na mapua?" Kweli, mtungi wa mafuta ya taa ulikuwa pembe hiyo, na kichwa cha Kamau sasa kilikuwa karibu nao kabisa. Kofi likaniwakia shavuni kabla sijajitetea. Nikalia, lakini sikulia kwa ajili ya kofi. Nililia kwa sababu boksi lilirudishwa, na nundu ikarudi juu.

Kesho yake nilianza na mtungi. Niliuburuta kidogo kidogo, nikausimamisha pembe ya pili, nikapangusa sakafu, ndipo nikaligeuza boksi. Jioni Baba akauliza mtungi umehamaje. Nikamwambia kule ulikokuwa wateja walikuwa wanaugonga kwa miguu. Akatazama, akatikisa kichwa, akamwambia Mama, "Huyu msichana ana akili ya biashara." Ndiyo sifa ya kwanza niliyopewa na Baba, na ilikuwa ya uongo mtupu.

Mama hakuwa tena na sababu ya kugomba, ingawa kila asubuhi kwa mazoea aliliweka boksi kama zamani. Mimi nikaligeuza kila alasiri, na Jumamosi, na likizo ilipofika nikaligeuza kutwa. Sikucheza. Rafiki zangu walikuja wakaniita, nikawaambia nina kazi. Kila siku niliweka kiganja utosini, na kila siku ulidunda. Kama umbo lilikuwa linabadilika mimi sikuliona, mtu unayemtazama kila saa humwoni akibadilika. Nilichohesabu mimi ni ule mdundo, nao haukupungua hata kidogo. Kanisani walipoombea wagonjwa, nilifumba macho nikasema, "Mungu, zima." Hilo tu. Nilidhani anajua nasema nini.

Miezi miwili ikaisha. Mama alinichukua twende naye Bungoma nimbebee mkoba. Alivaa rinda lake la harusi za watu, lile la buluu, na viatu vilivyombana. Tuliketi kwenye benchi la zahanati pamoja na akina mama wengine wengi, na Kamau akawatabasamia wote mmoja mmoja bila kujua kilichomleta. Mama alikuwa akinifunga na kunifungua kifungo cha sweta. Kisha akaniinamia, akasema kwa sauti ndogo, "Wambui, wakisema wanapasua, usilie. Ukilia na mimi nitalia, na nikianza sijui kama nitanyamaza." Nikasema sawa. Nilikuwa sijui kama nitaweza.

Daktari alikuwa mama mnene wa hukohuko Bungoma, aliyevaa ndala kwa sababu miguu ilimfura. Alimvua Kamau kofia, akamketisha mezani, akaanza kumpapasa kichwa kwa vidole vyote kumi, polepole, amefumba macho. Akapima kwa tepu. Akamtazama kutoka juu, akasoma ile barua, akamtazama tena. "Mama, huyu ndiye mtoto wa hii barua?"

"Ndiye, daktari."

"Wameandika bapa sana. Mimi naona bapa kidogo." Akapapasa tena. "Na mifupa haijashikana. Iko wazi vizuri, inavyotakiwa."

Mama akamshika Kamau mguu. Kisha, "Hapasuliwi?"

"Apasuliwe nini? Kichwa kimelaliwa tu, mama. Watoto wengi hulalia upande mmoja, mfupa bado laini, unalala nao. Lakini hebu niambie, ni nani alikuwa anamgeuza? Maana hii imeanza kurudi yenyewe, na hairudi hivi bila mtu kumgeuza kila siku."

"Hakuna mtu," Mama akasema. "Nyanya yake humkanda, lakini kumgeuza..."

Ahadi yangu ikaniponyoka. Nilipiga kilio ambacho nadhani kiliwasimamisha hata wale wa benchini. Nilijua nimekamatwa. Nikasema yote bila kupumua: boksi, mtungi wa mafuta ya taa, sukari, nundu ya Mirihi, moto unaoenda juu, ufa ulioanza utosini, na kwamba nimejaribu kadiri ya uwezo wangu lakini bado unadunda, daktari, bado unadunda, muuzime nyinyi.

Daktari hakucheka, na kwa hilo tu nitamheshimu hadi kufa kwangu. Alinivuta, akachukua kidole changu, akakiweka shingoni mwangu mwenyewe, chini ya taya. Kikadunda. Tu, tu, tu. Nikamtazama.

"Na wewe una moto?" akauliza.

"Sijui."

"Ni damu, mama yangu. Moyo unasukuma damu, inapita. Kwako kichwani imefunikwa na mfupa. Kwake bado kuna kadirisha hapo juu, ndiyo maana unaisikia. Katajifunga kenyewe. Na hiyo unaiita ufa, ni mahali mifupa imekutana, iko na kila mtoto." Akakishika kichwa changu, akakitikisa kidogo. "Kuhusu moto ulikosea. Lakini kumgeuza hukukosea, sawa? Endelea kumgeuza." Halafu akamgeukia Mama, "Huyu ulimpata wapi? Mimi nitamchukua nimfanye nesi."

Ndipo nilipouachilia mwili. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimekaza tumbo miezi miwili bila kujua, na lilipolegea nilihisi nataka kukojoa, na njaa, na usingizi, vyote pamoja. Mama alikuwa ananitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Na nilikupiga," akasema. "Nilikupiga kofi juu ya hiyo boksi." Akanikumbatia, Kamau akiwa katikati yetu ananivuta nywele kwa mikono yote miwili, na ndala za daktari zikaenda mlangoni kuita mgonjwa mwingine, maana foleni ilikuwa bado.

Nje, kando ya lango, kulikuwa na simu ya jamii, ile ya kulipia, kwenye kibanda cha muuza karanga. Mama akabonyeza namba ya Baba, akaweka simu sikioni, akasikia "Haloo," na hapo akaanza kulia na kucheka kwa pamoja hata hakuna neno lililotoka. Nikasikia Baba kule upande wa pili anapaza sauti, "Mama Wambui? Mama Wambui, ni nini? Sema!" Mama akanisukumia simu mkononi.

"Baba," nikasema, "hapasuliwi."

Nikaikandamiza simu sikioni. Nilidhani imekatika. "Ati?"

"Hapasuliwi. Mifupa haijashikana. Alikilalia tu."

"Sema tena, Wambui."

"Hapasuliwi, Baba."

"Tena."

Nikasema tena. Baba hakuwa mtu wa kulia, na hata sasa sitasema alilia, ila alikuwa anavuta pumzi vibaya, na nilisikia madebe yakianguka huko kwenye rafu bila yeye kuyajali. Kisha simu ikakwaruza, na sauti nyingine kabisa ikaingia, ya mzee fulani nisiyemjua, mteja aliyekuwa amekuja kununua kitu chake na amekabidhiwa simu kwa nguvu.

"Haloo, mtoto," akasema yule mzee, amechanganyikiwa. "Mimi nimeambiwa nisikilize. Kuna nini?"

"Hapasuliwi," nikamwambia.

"Nani hapasuliwi?"

"Ndugu yangu. Ni Kamau."

"Aah!" akasema mzee, na nikamsikia akiligeukia duka zima kwa sauti kubwa: "Nyinyi, hapasuliwi!" Na watu ambao hawakujua habari ya kichwa, wala ya barua, wala ya Bungoma, wakapiga makofi.